Reli ya Sebuleni

Marehemu mume wangu, Allah amrehemu, alituachia reli nusu. Ni reli ya kuchezea, ya gari la moshi dogo la umeme ambalo mwanetu aliletewa na ami yake kutoka Dubai, na baba mtu akaanza kuitandaza juu ya ubao wa plaiwudi wa futi nne kwa nane, katika sebule ya nyumba yetu hapa Roret. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, mtu wa spana na nyundo, na njia ile aliipigilia kama apigiliaye paa: msumari mwembamba kwenye kila taruma la pili, mpaka kichwa kizame. Hiyo ilikuwa Januari, ambayo huku ni kavu. Mvua za masika zilipoanza, yeye alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki.

Jamaa zangu wa Mombasa walitaka nishuke pwani nikakalie eda kwao. Niliwashukuru, nikabaki katika nyumba aliyonifia ndani yake, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa. Miezi minne na siku kumi, kama ilivyo katika aya ya 234 ya Suratul-Baqara. Mwanamke aliyekaa eda hahitaji kuelezwa urefu wake. Asiyekaa hata akielezwa hatajua. Roret mvua hunyesha karibu kila alasiri, na baada ya mvua ukungu hulala juu ya majani ya chai mpaka usijue shamba linaishia wapi. Majirani zetu Wakipsigis, ambao neno eda hawakupata kulisikia, walikuja na mursik katika kibuyu, wakakaa nami bila ya maneno mengi. Watu wa kheri.

Aliyenitia wasiwasi ni mwanangu. Ana miaka 12, na tangu siku ya maziko alikuwa akijibu anapoulizwa, basi. Wakubwa walipokuja kuhesabu mirathi, mmoja aliuliza kama gari lile la moshi nalo liandikwe. Ami yake akasema kwamba alimkabidhi mtoto mkononi mbele ya watu, kwa hivyo ni mali ya mtoto, haiingii katika tirka. Mwanangu alikuwa mlangoni akisikiliza. Jioni hiyo akaondoa shuka niliyoufunikia ubao, akachomeka umeme.

Gari lilikwenda dhiraa mbili likaanguka. Akalirudisha, likaanguka pale pale. Nilipoinama kutazama, niliona reli mbili zimepinda ubavuni kama nyoka, na mahali pengine zimebanana. Nikamwambia tung'oe misumari tuanze upya. Akanitazama kama niliyemtukana. "Aliyeipiga ni baba," akasema, akafunika shuka.

Nikampigia simu baba mkwe wangu, Mombasa. Yeye alistaafu katika reli ile ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika ufukwe wa Ziwa Victoria mwaka 1901, na umri wake wote wa kazi aliumaliza katika genge la kutengeneza njia. Nilidhani nitamliza kwa kumtajia kazi ya mwanawe. Aliuliza tu, "Viungo ameviachia nafasi?" Nikasema vimegusana. "Na misumari imekaza?" Imekaza, Baba. Akanyamaza kidogo. "Mwambie mjukuu wangu kwamba baba yake alikuwa fundi wa mashine. Mashine hukazwa. Reli haikazwi, reli hushikwa. Mpe simu."

Waliyosemezana sikuyasikia yote. Ila kijana alirudi akiwa na rula. Alipima upana wa njia akapata milimita 16.5, akazidisha kwa 87, kwa sababu sandukuni pameandikwa kwamba kila kitu kimepunguzwa mara 87, akapata 1435 na ushei. Akampigia tena babu yake kumwambia kwamba hii si reli yake. Njia ya babu ina upana wa milimita 1000. Hii ni ya ile reli mpya ya Mombasa na Nairobi iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017. Mzee alicheka, na mtoto naye akacheka. Mimi nilikuwa jikoni nikaacha kuchambua mchele.

Misumari tuliing'oa yeye na mimi kwa jioni tatu, kwa koleo ndogo, na hakuna uliotupwa. Yote imo katika kopo la maziwa ya unga. Ndipo tulipouona ugonjwa wenyewe. Mataruma ya reli hizi ni ya plastiki. Msumari ukizama kupita kiasi huvuta taruma katikati, nalo likiinama huzivuta reli mbili zikaribiane, na gurudumu halina pa kupita. Kuhusu kupinda, mimi nilidhani ni chuma kimetanuka kwa joto, kama ninavyosikia hutokea katika reli za kweli. Huku joto liko wapi! Kinachotembea ni ubao. Mbao hunywa unyevu zikavimba na kiangazi zikanywea, na reli zilizoshikana kichwa kwa kichwa hazina pa kukimbilia ila ubavuni. Basi tuliupaka ubao rangi juu na chini na kwenye kingo zote, ili usinywe tena upendavyo, na kila kiungo tukakipa nafasi ya unene wa kadi ya simu ya kukwangua.

Njia haikai juu ya ubao mtupu. Kitabu kilichokuja na sanduku kinataka tandiko la gome lile jepesi litengenezwalo vizibo vya chupa, ambalo hapa halipatikani. Nilimtuma kijana Litein, na fundi viatu akamkatia vipande vya sponji ngumu ya kuwekea soli, bila ya kutaka kujua ni vya nini. Tuliichora njia kwa penseli, tukapaka gundi nyeupe ya mafundi seremala, tukalaza sponji, na juu yake tukapanga Misahafu? Hasha! Tulipanga madaftari ya shule na pakiti za unga, ili iumane wakati gundi inakauka. Kwa baridi ya hapa ilichukua siku mbili. Kisha reli nazo tukazilaza kwa gundi nyembamba, na misumari michache tuliyoisimamisha kwa muda tu, vichwa vikiwa juu ya taruma bila ya kuligusa. Uzuri wa gundi hiyo ni kwamba ukikosea, maji ya vuguvugu huilainisha ukaanza upya.

Kokoto ndizo zilizotupa taabu. Kwanza nilijaribu majani ya chai yaliyochujwa na kukaushwa, maana hayo hatuyapungukiwi. Kwa sura yalipendeza, baada ya wiki yakaota ukungu. Babu akasema kokoto za reli huwa na kona ili zishikane, hazifai za mtoni zilizoviringika. Tukachekecha changarawe ya barabarani kwa chujio la chai. Udongo wa huku ni mwekundu na una chuma, kwa hivyo mtoto aliipitishia sumaku ya spika ya redio mbovu mara kadhaa, mpaka ikawa haitoki na kitu. Chembe ya chuma ikiingia katika mota ya gari, gari limekwisha.

Ukimwaga gundi juu ya changarawe kavu, tone hujiviringa kama zebaki na kuzibeba chembe. Lazima zilowe kwanza. Kitabu kinasema utumie spiriti. Sikutaka kuingia katika khilafu za mafuqaha kwa ajili ya mchezo wa mtoto, na tone moja la sabuni ya vyombo katika maji lilifanya kazi ile ile. Baada ya hapo, gundi sehemu moja kwa maji sehemu mbili, tone kwa tone kwa bomba la sindano lisilo na sindano yake. Pale njia zinapogawanyika hatukutia hata tone, maana zile ndimi za kubadilishia njia zikigandamana hazigeuki tena.

Eda yangu ilikwisha Julai. Nilioga, nikavaa nguo ya rangi, nikatoka mpaka barabarani nikarudi. Jioni tukampigia baba mkwe. Gari lilikuwa limekwisha zunguka ubao mara nyingi bila ya kuanguka, na mtoto alitaka babu yake alisikie. Mzee akasema, "Ilazeni simu kwenye ubao, karibu na njia, na mkae kimya."

Tulikaa kimya. Gari likazunguka, tiki, tiki, tiki. Kisha sauti yake ikatoka pale ubaoni: "Mzuri. Lakini kipo kiungo kimoja kinagonga mara mbili. Kitafuteni."

Tulikitafuta kwa ncha ya kidole. Kilikuwa upande wa dirishani, ambako baba yake ndiko alikoanzia. Chini ya sponji, sawasawa chini ya kiungo, palikuwa na kichwa cha msumari tulichokiruka.

Mwanangu akaenda kuleta koleo na lile kopo.