Hoteli ya leso 12, Mukuru kwa Njenga



Tulipokwenda Nairobi kumjulia hali ndugu yetu afanyaye kazi viwandani, tulitarajia atupeleke kula katika mikahawa ya mjini yenye taa za kuning'inia na milango ya nakshi iliyochongwa kuiga ile ya Lamu. Yeye alituongoza upande mwingine. Tulishuka Imara Daima, tukaingia Mukuru kwa Njenga kwa miguu, tukapita vichochoro ambavyo watu wawili hupishana kwa kugeuza mabega, hadi tukafika kwenye mlango wa bati uliopakwa rangi ya buluu.

Kwa nje, hoteli ile haikuwa na la kusifiwa. Tulipoingia ndani, tulinyamaza. Kuta zote zilivikwa leso, nazo zilikuwa 12, zimepangwa kwa rangi kuanzia nyekundu mlangoni hadi nyeupe jikoni. Kila leso ilitundikwa kwa kipimo, hata jina lake likawa mkabala wa macho ya mtu aliyeketi. Mama mwenye hoteli, mzaliwa wa pwani, alifunua pindo moja akatuonyesha makatoni yaliyokunjuliwa nyuma yake. Bati, alisema, huchoma mchana, na alfajiri ya baridi hutiririsha maji. Katoni hukinga, na leso huisitiri katoni.

Mabenchi yalikuwa ya mbao za kreti kutoka viwandani, zimepigwa randa na pembe zake kuviringwa zisinase mabuibui. Juu ya meza ya kati, bati moja la plastiki liliteremsha mwanga wa jua. Kizingiti kiliinuliwa kwa matofali mawili, kwani mvua za masika ya 2024 ziliingiza maji katika nyumba nyingi za Mukuru.

"Tangulieni huko ndani, mama zangu, mle kwa nafasi," alituambia, akivuta pazia.

Nyuma ya pazia palikuwa na benchi, kulabu za kutundikia mabuibui, birika na beseni la kunawia. Mkeka ulitandikwa mshazari, kwa kuwa chumba hakikuelekea kibla. Alitueleza kuwa mahali pale si pa Waislamu peke yao. Mama yeyote atokaye zamu na mtoto wa kunyonyesha hukaribishwa, anunue chakula asinunue.

Tuliona pia kwamba hapakuwa na msumari hata mmoja. Leso zilishikwa kwa kamba, na mabenchi kwa skrubu. Tulipouliza sababu, alikaa kidogo kabla ya kujibu.

Mwaka 2017, serikali ya kaunti ilitangaza Mukuru kwa Njenga, pamoja na kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo la mipango maalumu, wakazi nao wakaketi kupanga njia, maji na makazi yao. Hata hivyo, mwishoni mwa 2021 matingatinga yaliingia kwa Njenga kufungua njia ya barabara, na maelfu ya watu wakabaki bila paa. Hoteli yake ya kwanza ilikuwa miongoni mwa zilizobomolewa. Ilikuwa na kaunta ya vigae aliyoilipia kidogo kidogo.

"Vigae sikuweza kuvibeba," alisema. "Leso nilizifunga furushi, nikatoka nazo kichwani. Hii ya sasa naifungua yote kwa saa mbili."

Tulikula mahamri na mbaazi za nazi chini ya leso zile, na kwa mara ya kwanza tukayatazama mapambo kwa swali jingine: ni nani aliyefikiriwa yalipopangwa? Pale alifikiriwa mwenye buibui, mwenye mtoto, mwenye kuswali, na mwenye kuchoka. Naye mwenyewe mama alijifikiria, kwa siku asiyoiombea.

Tuliporejea Mombasa, tuliitazama sebule yetu. Viti vingali na nailoni, vikimngoja mgeni wa heshima, na kabati la vyombo visivyotumika limeziba pembe yenye upepo mzuri kuliko zote. Tulijiuliza mama mwenye kunyonyesha angeketi wapi, tukakosa jibu.

Jumamosi ile tulilihamisha kabati, tukatundika pazia.