Maziwa ya Kutulo na Chakula cha Kila Siku

Katika nchi ya Ufaransa, kwa vizazi vingi, fundi wa matofali na mkulima wa viazi hawakuhesabu divai kuwa ni anasa. Ilikuwa kinywaji cha mezani, cha bei ndogo, kilichokaa karibu na mkate. Kila nyumba ilijua kanuni zake bila kufundishwa darasani. Divai nyekundu yenye ukakasi kidogo ulimini huendana na nyama, kwa kuwa ukakasi ule hukata mafuta. Nyeupe, yenye uchachu, huendana na samaki, kama ndimu ifanyavyo katika samaki wetu wa pwani. Tena Wafaransa hushikilia kwamba ladha ya divai hutoka katika udongo wa mahali, hata mwaka 1935 wakatunga sheria ya kulinda majina ya mahali hapo, ili mtu asichukue zabibu za kwingine akauza divai yake kwa jina la Bordeaux. Siku hizi wao wenyewe hunywa divai kidogo kuliko babu zao, lakini elimu ile ya kulinganisha kinywaji na chakula haijapotea.

Huenda msomaji akashangaa kusikia kwamba habari hizo zilinijia moyoni nilipokuwa Kutulo, mahali ambapo divai haipo wala haitafutwi, maana wenyeji ni Wasomali na dini yao ni Uislamu. Hata hivyo elimu ile ile ya ulimi nimeikuta huko, tena ni elimu ya watu wote, tajiri na maskini. Ni elimu ya maziwa ya ngamia.

Atokaye Nairobi hufika Garissa, penye daraja la mto Tana, baada ya kilomita zipatazo 370. Ng'ambo ya mto nchi hubadilika. Miti huwa mifupi, yenye miiba, na ardhi hutanda kama mkeka hata upeo wa macho. Njia hupita Modogashe, Habaswein na Wajir, kisha Tarbaj, ndipo mtu huingia Kutulo katika Kaunti ya Mandera, akiwa njiani kwenda El Wak. (Wengine huandika Kotulo, maana ni mahali pale pale.) Neno "el" katika Kisomali ni kisima, na mgeni hugundua upesi kwamba majina mengi ya nchi ile ni majina ya maji. Tangu mwaka 1926 sehemu hizi zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizofungwa, na mtu wa bara hakuweza kuingia bila kibali. Nadhani ndiyo sababu hata leo wako makarani wengi wa Nairobi wanaojua habari za Paris kuliko habari za Wajir.

Kutulo si mji wa kutazamia majumba. Kuna barabara, maduka, msikiti, na kina mama wameketi kivulini na madumu yao mbele yao. Hapo ndipo pa kuanzia. Lakini atakaye kuyafahamu maziwa yafaa atoke mjini kabla ya jua kuchomoza, aende kwenye zizi la miiba, asikilize kengele za mbao shingoni mwa ngamia.

Ngamia hakamuliwi kama ng'ombe. Kwanza ndama wake huletwa anyonye kidogo, ili mama apate kuyashusha maziwa. Kisha ndama huondolewa, na wakamuaji, ambao aghalabu ni wawili, mmoja kila upande, husimama kwa mguu mmoja, mguu wa pili wameukunja juu ya goti, na chombo kimekaa juu ya paja. Mimi nilijaribu kusimama hivyo bila chombo chochote, nikadumu kwa muda wa kuhesabu kumi. Wao hufanya kazi kwa haraka sana, kwa sababu maziwa hushuka kwa dakika moja au mbili tu, na ngamia akiudhika huyazuia. Chuchu ni nne, na ndama huachiwa fungu lake. Povu hupanda hata ukingoni, jeupe kama pamba.

Mgeni hupewa maziwa hayo papo hapo, yakiwa bado na joto la mnyama. Ladha yake ni nyepesi kuliko ya maziwa ya ng'ombe, yana utamu kidogo, na mwisho wake huacha chumvi nyuma ya ulimi. Mafuta yake ni chembe ndogo mno, wala hayapandi juu upesi kama malai; kwa hiyo samli ya huko hutafutwa zaidi kwa ng'ombe na mbuzi. Wataalamu wamepima wakaona yana vitamini C karibu mara tatu kuliko maziwa ya ng'ombe, nalo ni jambo kubwa katika nchi isiyoota michungwa.

Chumvi ile si ya kila siku. Wazee wachungaji hueleza kwamba baada ya mvua za gu, yaani Aprili na Mei, ngamia hula majani mabichi na maziwa huwa matamu. Wakipelekwa kwenye mimea ya chumvi, au wakinywa katika visima vyenye maji ya magadi, maziwa hubadilika, na mzee hodari huonja fundo moja akasema kundi lilikuwa upande gani. Hapo ndipo nilipomkumbuka Mfaransa na udongo wake. Tofauti ni kwamba shamba la zabibu halihami, na shamba la maziwa haya hutembea kwa miguu minne.

Jambo la pili liletalo ladha ni chombo, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote. Vyombo vya asili vya maziwa husukwa na wanawake kwa nyuzi za mizizi, zikabanwa sana hata visivuje. Vingine huchongwa kwa mti. Kabla ya kutia maziwa, mama huchukua vijiti vya mti uliochaguliwa, mathalani mgunga au mjunju, huviwasha, huviingiza ndani vikiwa makaa, hufunika, hutikisa, kisha hukung'uta na kusugua. Moshi ule huua sehemu ya vijidudu viharibuvyo maziwa, nayo hukaa muda mrefu bila kuharibika. Tena huyapa harufu ya moshi ambayo mtu asiyeizoea huidhania kosa la mpishi. Maziwa hayo si meupe kabisa. Aghalabu huwa na chembe nyeusi za makaa, na wenyeji hawaoni haya juu yake. Kila mama ana mti wake, na kina mama hushindana katika jambo hilo kama watu wa pwani washindanavyo katika pilau.

Basi, kama Ufaransa kuna nyekundu na nyeupe, Kutulo kuna mabichi na machachu. Haya machachu huitwa suusa. Maziwa hutiwa katika chombo kilichofukizwa, yakaachwa siku moja au zaidi mpaka yachachuke. Kwa kuwa maziwa ya ngamia hayagandi kama mtindi wa ng'ombe, suusa hubaki nyepesi, hunyweka kwa urahisi, na uchachu wake ni safi.

Sasa tuje mezani. Asubuhi chakula ni anjera, mkate mwembamba wa chachu wenye vitundu, uliopakwa samli au sukari. Hapo suusa haifai hata kidogo, kwa sababu chachu juu ya chachu huchosha kinywa. Hutakiwa chai iliyopikwa kwa maziwa mabichi pamoja na iliki, mdalasini na sukari nyingi. Moshi wa chombo hukutana na iliki, na kwa hakika sijapata kunywa chai iliyo bora kuliko hiyo katika hoteli yoyote ya Nairobi.

Mchana, nyumba ya mtu wa kawaida hupika ugali wa mahindi, au wali, au tambi, desturi iliyotoka kwa Waitaliano upande wa Somalia ikavuka mpaka. Ugali wenyewe, kama wasomaji wajuavyo, ni chakula kipole kisicho na neno. Ukimwagiwa maziwa mabichi huwa chakula cha mtoto, kizuri lakini cha kulaza. Ukimwagiwa suusa huamka. Nilikula hivyo siku tatu mfululizo, tena bila mboga, wala sikutamani sukuma wiki. Huu ndio mlo wa bei ndogo kuliko yote katika nchi ile, na kwangu ulikuwa wa kwanza kwa ladha.

Kwa wali na nyama ya mbuzi mambo ni kinyume. Wali huwa na viungo na mafuta yake mwenyewe, na Wasomali huongeza ndizi mbivu pembeni, jambo ambalo mtu wa bara hulicheka mpaka aonje. Suusa ikija hapo hugombana na ndizi. Afadhali maziwa mabichi, yaliyopoa, baada ya kula. Tambi sina la kusema juu yake. Kila kinywaji kilikuwa sawa.

Lakini kipimo cha kweli ni nyirinyiri. Hii ni nyama iliyokatwa vipande vidogo mno, ikakaushwa, kisha ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta yake. Hukaa wiki nyingi bila kuoza, nayo ndiyo akiba ya msafiri. Ni tamu, lakini mafuta yake hufunika kinywa chote, na baada ya vijiko vitatu mtu hushindwa. Fundo moja la suusa husafisha ulimi, na mkono hurudi sahanini. Nilimwuliza mama mwenye nyumba ni nani aliyemfundisha kuviweka pamoja. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, wewe nani alikufundisha kunywa maji ukiwa na kiu?"

Katika mwezi wa Ramadhani, tende na maziwa ndivyo vifunguavyo saumu. Wengine hutaka mabichi, wengine machachu, na sikuona wakipatana.

Yafaa sasa niseme habari za bei, maana kitu kizuri kisichopatikana hakimfaidii mkulima wala karani. Kijijini mgeni hauziwi maziwa. Mjini huuzwa kwa kikombe au kwa chupa, nayo bei hufuata mvua. Wakati wa gu huwa mengi na nafuu, na wakati wa jilaal, Januari hata Machi, hupanda sana. Hapo ndipo kina mama wenye watoto wengi hurudi kwenye maziwa ya unga ya dukani. Mnunuzi mjanja hauulizi uzito wala rangi. Hunusa kwanza, kisha huonja kidogo, akauliza yamekamuliwa lini na yametiwa katika chombo gani. Kina mama wapokeao maziwa kwa jumla hufanya vivyo hivyo, na maziwa yaliyotiwa maji hayawapiti.

Biashara hii imekuwa kubwa. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu ngamia wapatao milioni 3 katika Kenya. Huko Isiolo kina mama wa chama cha Anolei wamekuwa wakikusanya maziwa na kuyapeleka Eastleigh, Nairobi, kwa basi. Lakini maziwa yaendayo mbali hutiwa katika madumu ya plastiki, mengi yakiwa yaliyokwisha kutumika kwa mafuta ya kupikia. Dumu ni jepesi, ni rahisi, halivunjiki. Ubaya wake ni kwamba shingo yake ni nyembamba, mkono hauingii kuosha, na makaa hayatiwi ndani kama katika chombo cha kusukwa. Yale maziwa yaliyokuwa yakikaa vizuri kwa sababu ya moshi huchachuka njiani bila utaratibu, na kuchachuka kwa dumu chafu si suusa. Binti anayezaliwa katika nyumba yenye madumu matupu hatajua kuchagua mti wa kufukizia, kwa kuwa hatauona ukitumika.

Kuna na neno la afya. Waganga wa serikali hushauri maziwa yachemshwe, kwa sababu ugonjwa wa brusela hutoka kwa mifugo na kumwingia mtu kwa njia ya maziwa mabichi, ukamletea homa za kurudiarudia na maumivu ya viungo. Wazee hawapendi shauri hilo, husema moto huua ladha. Mimi naona chai imekwisha kuamua kesi hiyo katika mlo wa asubuhi, na kwa watoto wadogo sioni la kubishana: yachemshwe, kisha yatiwe katika chombo kilichofukizwa, na harufu itarudi.

Lakini kila nililolisema hapa husimama juu ya mvua. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na katika kaskazini ya Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Ng'ombe walitangulia, wakafuata kondoo. Ngamia alistahimili zaidi, lakini naye mwishowe alianguka. Mwezi wa Oktoba 2023 mvua za deyr zikaja kwa nguvu, hata mafuriko yakakata barabara za Garissa, Wajir na Mandera, na malisho yakaota. Mtu wa shamba angedhani kwamba maziwa nayo yalirudi mwezi ule. Ngamia hubeba mimba miezi 13. Jike aliyepandwa Novemba 2023 hakuzaa ila Desemba 2024, na ndama wake akiwa jike, huchukua yapata miaka mitano kabla hajazaa na kukamuliwa yeye mwenyewe. Mama mmoja wa Kutulo aliyebakiwa na jike mmoja katika wanane alinionyesha vyombo vyake vya kusukwa, vimetundikwa ukutani, vitupu. Kila wiki huvishusha, huvifukiza kwa mgunga, na kuvitundika tena, visije vikakauka na kupasuka.