Kalamu Nyekundu

"Baba alirambaza, akapata nguru." Ndivyo alivyoandika mwanafunzi wangu, mgeni kutoka pwani, darasani Kishapu. Nikamkosesha kwa kalamu nyekundu. Kwangu mimi kurambaza kulikuwa kupekua intaneti, na samaki mkubwa alikuwa sangara wa kukaushwa kutoka Mwanza.

Miaka ikapita. Siku moja, Nungwi, nikapanda ngalawa. Tanga lilijaa upepo, na mshipi wenye chambo ukiburutwa nyuma yetu. Mara ukakaza, ukanichana kiganja.

"Huku ndiko kurambaza, mwalimu," akasema nahodha, akimvuta jodari aliyenishinda.

Kiganja kimepona. Yule mtoto sijui aliko, wala kama daftari lile bado analo.