Kuoga Pasipoti Ukiwa na Miaka 80

Wakenya wana namna moja ya kuoga waliyoipa jina la pasipoti. Unanawa uso na shingo, unapitisha maji kwapani, unasuuza miguu, unavaa. Picha ikipigwa, panapoonekana ni safi. Ni utani wa mabweni ya shule na wa asubuhi za Julai kule milimani Meru, maji yanapouma kama siafu. Mama wa nyumbani haukubali. Ukitoka bafuni upesi mno, utaulizwa kama umeoga au umepiga pasipoti.

Sasa mchukue binti aliyekua akiulizwa hivyo, umpeleke Leicester au Leeds kuangalia wazee. Wiki ya kwanza tu anakuta pasipoti ni kazi rasmi. Waingereza nao wana jina lao la utani, "kichwa na mkia". Bibi wa miaka 88 ananawishwa uso, mikono, kwapa na sehemu za siri kwa beseni na vitambaa, anapakwa losheni, anavalishwa, na kumbukumbu za siku zinaandikwa kwamba amesafishwa. Kuoga kwa maji mengi kunaweza kungoja siku kadhaa. Binti akieleza hayo kwenye simu jioni, nyumbani watu hucheka mpaka salio linaisha.

Tumwite binti wa Ishiara, basi, maana wako wengi na masimulizi yao hayapishani sana. Uingereza iliwafungulia waangalizi wa wazee mlango wa viza Februari 2022. Machi 2024 ikawakataza kwenda na watoto wala wenzi wao, na Julai 22, 2025 ikaufunga mlango kwa wanaoajiriwa kutoka ng'ambo. Wakenya walikuwa miongoni mwa waliopita mlangoni kabla haujafungwa, wakajifunza kazi ambayo kwao haijawahi kuwa kazi: kumwogesha mtu mzima asiye ndugu yako, kwa mshahara.

Ishiara yenyewe iko upande wa chini na wa joto wa Kaunti ya Embu, Mbeere Kaskazini, kwenye barabara inayoshuka kutoka Embu kuelekea Tharaka na Meru. Ni nchi ya mbuzi, ndengu na muguka. Mvua zina misimu miwili na mara nyingi hazitimizi ahadi. Mkoloni alijenga mradi wa kunyunyizia mashamba hapo miaka ya 1950, enzi zilezile za miradi ya Mwea, Hola na Perkerra. Huko chini zaidi, mto Tana umezibwa kwa mabwawa ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yote yakipakana na ardhi ya Wambeere, maji yakizungusha mitambo ya umeme wa taifa zima. Ila shosho, yaani bibi mzee, anaoga kwa mtungi.

Mtungi huo ni ule wa manjano wa lita 20. Ukiachwa juani tangu asubuhi, ikifika saa tisa alasiri maji yameshapata uvuguvugu wake bila kuni wala makaa, na hiyo ndiyo saa ya shosho kuoga, jua likiwa bado lina nguvu ya kumkausha. Nusu beseni inamtosha: lita 5, labda 8. Bafu ni mabati manne nje ya nyumba, mawe chini, msumari wa kutundikia leso. Kuna sabuni ya kipande iliyokatwa kwa kisu, dodoki au kitambaa cha zamani, na jiwe la kusugulia nyayo ambalo umri wake unaweza kuzidi wa mjukuu. Utaratibu haujaandikwa popote na hakuna anayeukosea. Uso kwanza, miguu mwisho, maji ya mwisho yanamwagwa kwenye mche wa mpapai.

Mambo hubadilika siku mgongo unapokataa kuinama.

Mwaka 1963 daktari Mmarekani aitwaye Sidney Katz, aliyefanya kazi Cleveland, pamoja na wenzake, walitangaza kipimo chao cha uwezo wa mzee kujitegemea. Kina mambo 6: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja na kula. Katz aliona kwamba mtu huelekea kupoteza uwezo huo kinyume cha mtoto anavyoupata. Kula, ambako mtoto hujifunza mapema, mzee hukupoteza mwisho. Kuoga kunatangulia kuondoka. Mzee anaweza kuwa bado anakwenda sokoni, anahesabu chenji bila kukosea, anamkumbuka kila mdeni wake, na kumbe miezi miwili iliyopita mikono yake iliacha kufika vidoleni mwa miguu. Hasemi. Katika sehemu za Kenya zenye funza, miguu ya wazee huwa miongoni mwa inayoshambuliwa zaidi, na watu husema ni uchafu. Huenda ni kiuno. Macho hayaoni tena kidole, na mkono haukifikii.

Kule Uingereza, siku mgongo unapokataa imewekewa sheria. Sheria ya Uangalizi ya mwaka 2014, inayotumika England, ina kanuni zinazoorodhesha mambo ya kuangaliwa ili kujua kama mzee anastahili msaada, na kujiweka safi mwilini ni mojawapo. Anayeshindwa huandikiwa mpango: mara ngapi, saa ngapi, mtu mmoja au wawili, kwa kiti cha kuogea au kwa mashine ya kumnyanyua. Mwangalizi anabisha mlango. Anasalimia. Anauliza kama anaweza kuanza. Macho yanapanguzwa bila sabuni, kutoka kona ya puani kwenda nje, kila jicho na upande wake wa kitambaa. Sehemu isiyooshwa inafunikwa taulo. Mwanamke husafishwa kutoka mbele kwenda nyuma ili vijidudu vya haja kubwa visifike njia ya mkojo, maana maambukizi ya mkojo yanaweza kumvuruga mzee akili kwa siku moja tu. Katikati ya vidole hukaushwa. Visigino na kitako hukaguliwa kama pana wekundu, kwa kuwa kidonda cha kulalia upande mmoja huanza na doa dogo tu.

Na bibi akisema hapana, ni hapana. Sheria ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa akili inataka kila mtu mzima ahesabiwe kuwa anaweza kujiamulia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Binti wa Ishiara hushangazwa na hili kuliko mashine zote. Kwao mzee akikataa kuoga hubembelezwa, hutaniwa, hutishiwa kunyimwa chai, na mwishowe huogeshwa. Huko Uingereza unaandika "amekataa", unarudi baada ya nusu saa na sura nyingine.

Lakini tusiipambe Ulaya kupita kiasi. Kwa wanaohudumiwa nyumbani kwao, saa ya ukutani ndiyo bosi. Ziara za dakika 15 zililalamikiwa sana hata taasisi inayotoa miongozo ya afya England, NICE, ikaandika mwaka 2015 kwamba kwa kawaida ziara isipungue nusu saa. Dakika 15 za kumwamsha, kumpanguza, kumvalisha na kumpa uji: hapo ridhaa inaombwa huku koti likivuliwa. Kuna na hili la majina. Bibi wa miaka 90 anataka aitwe Margaret, jina tupu, na binti ambaye tangu utotoni hajawahi kumwita mtu mzima ila Mama Njeru au Shosho hulitamka kama anayemeza kidonge bila maji.

Hata hiyo pasipoti ya Kiingereza ina historia inayoeleweka ukiitazama vizuri. Sensa ya mwaka 1951 ilikuta zaidi ya thuluthi moja ya kaya za Uingereza hazina bafu la kudumu. Wazee wengi wa leo huko walizaliwa humo. Waliogea kwenye karai la bati mbele ya moto, mara moja kwa wiki, maji yaleyale yakipokezanwa na jamaa nzima, na siku nyingine walijipanguza kwa beseni. Mwafrika akimwona bibi wa Yorkshire hataki kuoga kila siku asidhani ni uvivu wa wazungu. Bibi anafuata malezi yake, kama shosho wa Ishiara anavyofuata ya kwake.

Ngozi nayo iko upande wa bibi. Uzeeni tezi za mafuta hupungua, ngozi inakuwa nyembamba na kavu, na maji ya moto pamoja na sabuni kali huiondolea kidogo kilichobaki. Sabuni ya kipande ilitengenezwa kufulia mashati. Wataalamu wa ngozi huwashauri wazee maji ya uvuguvugu, sabuni laini kwapani, kwenye mikunjo, sehemu za siri na miguuni, na mafuta mara baada ya kujikausha. Hilo la mafuta Ishiara halihitaji mwalimu. Wakikuyu na majirani zao walijipaka mafuta ya mbarika kabla losheni haijafika dukani, na leo kopo la Arimis, jeli iliyotengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe wa maziwa, limehamia kwenye visigino na magoti ya nusu ya nchi. Shosho asipong'aa, hajaoga, hata kama ameoga.

Kuhusu joto la maji, nyumba za wazee Uingereza hufunga vali inayochanganya maji ili yanayoingia kwenye bafu la kuzamia yasizidi nyuzi 44. Ishiara kipimo ni kiwiko, kilekile cha kumwogeshea mtoto mchanga. Kiwiko cha nani, hilo ndilo la kuangalia: mwenye kisukari cha miaka mingi anaweza kuwa amekufa ganzi, akatumbukiza mguu kwenye maji yanayochemka asihisi. Heri apime mwingine.

Na huyo mwingine ni nani? Hapa ndipo nyumbani penye sheria nzito kuliko za bunge lolote. Kwa Wambeere, kama kwa majirani zao Waembu, uchi wa mzazi si kitu cha kuonwa na mwana aliyetahiriwa. Kijana mkubwa haingii chumba cha kulala cha mama yake, seuze kumvua nguo, na mkwe wa kiume ndiyo kabisa. Kazi inaangukia binti, mkaza mwana, au mjukuu. Mjukuu ana nafasi ya pekee, kwa sababu vizazi vinapokezana: mvulana hubeba jina la babu yake, na shosho humtania kwa kumwita mume wangu. Palipo na utani pana ruhusa. Msichana wa miaka 14 anaweza kumsugua shosho mgongo na kumcheka makunyanzi, na wote wawili wakafurahi.

Leso haitoki mwilini wakati wote huo. Inalowa, inasogezwa, mkono unapita chini yake. Wataalamu wa Marekani walichukua muda mrefu kufika hapo. Mwaka 2004 Philip Sloane na wenzake walichapisha utafiti uliohusu wazee 73 wenye ugonjwa wa kusahau, katika nyumba 15 za uuguzi za Oregon na North Carolina, waliokuwa wakipiga na kupiga kelele wakati wa kuogeshwa. Walipofunikwa taulo kubwa lenye maji ya moto na kusuguliwa juu yake, vitendo vya ukali vilipungua kwa zaidi ya nusu. Mzee alikuwa anapigania kusitiriwa, na baridi ilimwuma. Kwa habari ya kusitiri, leso ilishawahi.

Wajapani wamekwenda mbali zaidi kwa njia yao. Bima yao ya uangalizi, iliyoanza mwaka 2000, hulipia huduma ya watu watatu, mmoja wao akiwa muuguzi, wanaoleta beseni refu ndani ya gari hadi chumbani kwa mgonjwa asiyetoka kitandani, wakamzamisha hadi shingoni, kisha wakafunga vyombo na kuondoka.

Ishiara gari hilo halipo, na Katiba ya 2010, inayowapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya jamaa na serikali, haikusema nani atateka maji. Pesa za Inua Jamii, ambazo serikali huwapa wazee walioandikishwa, ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Zinazopungua hutoka kwa binti, naye yuko Leicester anamwogesha Margaret. Mkaza mwana ana duka Embu mjini. Mjukuu yuko bweni. Hivyo kila aliyeruhusiwa na mila kumwona shosho hayupo, aliyepo ni mwana asiyeruhusiwa, na kwa fedha za ng'ambo anaajiriwa msichana wa kazi ambaye mila haikumfikiria kabisa.

Vitu vingine vinasafiri vizuri kutoka Uingereza. Mafundi wanaochomelea mageti wanaweza kukunja bomba la maji likawa shikio la bafuni, likafungwa kwenye nguzo badala ya bati. Kiti cha plastiki kikitobolewa matundu ya kupitisha maji, shosho anaoga ameketi, na mawe yanayoteleza yanakosa kazi. Utaratibu wa macho bila sabuni unafundishwa kwa WhatsApp, binti akiwa amekaa kwenye basi la usiku, msichana akiwa bafuni na kitambaa mkononi. Na kabla ya yote shosho anataka kujua jambo moja: hiyo simu inaona? Msichana anaigeuza kifudifudi juu ya kigoda, anampa shosho aikague mwenyewe kwa kidole, ndipo leso inafunguliwa fundo.