JE, ANAYEWAHUDUMIA MBWA ANAKUWA NAJISI?



Sifa zote njema ni za Allah, Muumba wa kila chenye roho, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), aali zake na maswahaba zake. Amma ba'd.

Ndugu zangu, wiki hii nimepokea ujumbe wa sauti kutoka kwa kijana wa huku kwetu Songambele aliyevuka Murongo miaka kadhaa iliyopita, akaenda kutafuta maisha Kampala. Kila Jumamosi anajitolea kwenye kituo kinachohifadhi mbwa waliotupwa. Halipwi hata shilingi. Wenzake msikitini walipojua, mmoja alimwambia mbele za watu asisimame karibu naye kwenye safu. Tangu siku hiyo Ijumaa tatu zimepita hajaenda kuswali. Swali lake lilikuwa fupi: "Shekhe, mimi nimekuwa najisi?"

Nimemuomba ruhusa nijibu hapa bila kumtaja jina, kwa sababu wanaoulizwa hivyo ni wengi. Vituo vya namna hiyo vipo Kampala, vipo Nairobi, hata hapa nchini kwetu Arusha vipo, na vijana wa Kiislamu wamo ndani yake.

KWANZA: HUKUMU YA UNAJISI

Hatufichi elimu. Sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi'i tunasema mbwa ni najisi nzito. Palipoguswa na unyevu wake huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Lakini kikavu kikigusa kikavu, unajisi hauhami. Imam Malik, Allah amrehemu, anaona mbwa aliye hai ni tohara. Hawa wote ni maimamu wetu.

Sasa angalia. Najisi inaoshwa. Haimgeuzi mtu mwenyewe kuwa najisi. Mama anayemuogesha mtoto, muuguzi anayefunga kidonda, mchinjaji mwenye damu kwenye kanzu, wote wanagusa najisi, wanajitoharisha, wanaswali, na hakuna anayewafukuza kwenye safu. Basi kijana wangu, weka nguo na mabuti ya kazi kituoni, vaa glavu, palipolowa osha kama ulivyofundishwa, kisha nenda msikitini ukasimame safu ya kwanza. Aliyekukataza kusimama naye ndiye mwenye deni la kukuomba radhi.

PILI: MFUNGWA ANA HAKI

Wengi tunaikumbuka hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye khufu yake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, na Allah akamsamehe. Tunaisimulia sana. Ile ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka tunaisimulia pia, lakini tunaipita haraka.

Kosa la yule mwanamke lilikuwa nini? Si kumpiga paka wala kumchoma. Alimfungia, hakumlisha, na hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini. Ukimwachia mnyama, Mola wake anamruzuku kwa miguu yake na pua yake. Ukimfungia, umeukata mlango wake wa riziki, na sasa wewe ndiye utakayeulizwa. Ndiyo maana mafakihi wakasema matumizi ya mnyama ni wajibu wa anayemmiliki, na akikataa, kadhi anaweza kumlazimisha.

Mwaka jana nilipompeleka mgonjwa Kampala, kijana huyu ndiye aliyenipokea, na jioni moja akanipitisha kituoni kwao. Nilisimama mlangoni mwa mabanda. Mbwa wadogo na wazuri huchukuliwa mapema na watu wanaotaka mlinzi nyumbani. Wanaobaki ni wazee, vilema, na walioumizwa na binadamu mpaka wanaogopa mkono. Mmoja alikuwa na miaka minne ndani. Alikuwa akizunguka, anazunguka tu, na sakafu imeshika alama ya njia yake. Miguu ya mbele ameilamba mpaka manyoya yametoka. Chakula anapewa, maji yapo, lakini kifungo kinamla. Kijana alipofungua banda na kumfunga kamba ya shingoni ili amtembeze, yule mbwa aliacha kuzunguka.

Hapo nikaelewa kazi yao. Mlo unaokoa mwili, lakini mfungwa anahitaji pia kutoka, kunusa ardhi, na kusikia sauti isiyomtisha. Wenye kituo hawawezi kuyafanya hayo kwa kila mbwa kila siku. Anayekuja Jumamosi kwa hiari yake anaibeba sehemu ya ule wajibu, na namuomba Allah amwandikie ujira wake.

TATU: "WATU WANA NJAA, WEWE UNAHANGAIKA NA MBWA?"

Neno hili nitaambiwa, najua. Nalijibu hivi: saa mbili za kijana huyu hazikuporwa kwa yatima yeyote. Na Mtume (s.a.w) alipowafundisha maswahaba kwamba katika kila chenye ini bichi kuna ujira, masikini walikuwepo Madina.

Wengine watasema hayo ni mambo ya Wazungu. Hapana. Katika miji ya Waislamu zamani ziliwekwa waqfu za kulisha wanyama. Na maonyo yapo pia katika historia yetu. Mwaka 1910, watawala wa Istanbul walikusanya mbwa wa mitaani kwa makumi ya maelfu, wakawatupa kwenye kisiwa kikavu cha Sivriada. Walikufa kwa njaa na kiu. Mwaka 2024 Bunge la Uturuki likapitisha sheria ya kuwakusanya mbwa wa mitaani na kuwaweka vituoni, na wananchi wakagawanyika vikali. Hofu ya mtu aliyeng'atiwa mtoto ni ya kweli. Lakini anayesema "wakusanyeni" aseme na nani atawalisha, kwa miaka mingapi. Hata mwenye huruma akikusanya mbwa kuliko uwezo wake, anaukaribia mlango wa yule mwanamke wa paka.

NNE: SISI HUKU SONGAMBELE

Huku hatuna kituo. Lakini mfungwa tunao. Sheria imeturuhusu mbwa wa kulinda mifugo, mazao na wa kuwinda. Kumfuga bila haja kunapunguza thawabu. Wa kwako analinda migomba na mbuzi usiku kucha, mchana yuko kwenye mnyororo juani, sahani imekauka tangu jana. Ndugu yangu, huyo ni dhamana yako.

Fanyeni haya:

1. Maji kila siku, na kivuli. Chombo chake kiwe peke yake.

2. Mfungue wakati salama, atembee.

3. Mpeleke kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa, muulize afisa mifugo. Ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, wakiwemo watoto wengi. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi dakika 15, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

4. Watoto wa mbwa wasitupwe kwenye gunia barabarani. Tafuta wanaohitaji walinzi, au muulize mtaalamu wa mifugo namna ya kuzuia uzazi.

5. Wafundisheni watoto kwamba "najisi" ni hukumu ya kuosha, si ruhusa ya kurusha mawe.

Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, lakini muumini hasubiri askari.

Ewe Allah, tujaalie huruma kwa viumbe vyako, utuepushe na dhuluma tusiyoiona, na umrudishe kila kijana aliyevunjwa moyo msikitini. Aamiin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako.