King'ora na yowe

Mimi ni mtoto wa Dar, nimekulia Manzese. Usiku king'ora cha polisi kikipita nageuka upande wa pili, naendelea kuuchapa usingizi. Hata ukiwa barabarani kazi yako ni moja tu: kaa pembeni, gari lipite. Yaliyobaki ni ya wenye gari.

Basi bwana, kazi ikanipeleka Mara. Nikaanzia Tarime mjini, nikapita Nyamongo, nikavuka Mto Mara kuingia wilaya ya Serengeti. Usiku wa kwanza kijijini, kama saa nane hivi, nikasikia yowe. Mtu mmoja kwanza, boma la pili likapokea, la tatu... mpaka kilima kizima kinalia. Ng'ombe wameibwa! Milango ikafunguka, mbwa wakabweka, watu wakakimbia gizani. Mimi nikavuta shuka, nikawa nasubiri king'ora. Hakikuja.

Asubuhi wanaume wakarudi na ng'ombe, suruali zimelowa umande. Walikuwa wamefuata unyayo usiku kucha. Nikamwamkia mzee mwenyeji wangu shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, usiku ulikuwa unaumwa?"

Sikuwa na jibu, jamani.

Si kwamba polisi hawapo. Serikali iliunda hata kanda maalumu ya kipolisi ya Tarime na Rorya. Lakini boma liko mbali na barabara, na mwizi wa ng'ombe hapiti barabarani. Tena king'ora kingemwambia ajifiche. Ndiyo maana sungusungu, walioanzia Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kutambuliwa kisheria mwaka 1989, walipata nafasi huku pia. King'ora kinasema kaa pembeni. Yowe linasema njoo.

Nisilipambe sana lakini. Nchi hii yowe la "mwizi!" limeshaua wasio na hatia, maana umati gizani hauulizi jina. Gari la polisi lina namba, askari ana mkuu wake. Umati unamshtaki nani?

Nimerudi Dar. Juzi usiku mama mmoja kapiga kelele mtaani kwetu. Nikaamka, nikavaa viatu, nikashika komeo la mlango... nikasimama hapo mpaka kelele zikaisha.

Kulipokucha hakuna aliyeniuliza kama nilikuwa naumwa.

Wewe mwenzangu, ungefungua?