Mtetemo au Bembea?

Mjomba alinisomesha kwa dagaa wa Kirando. Kwa hiyo nilipofika Namanyere likizoni, naye akaniuliza shahada yangu ya uzamivu inahusu nini hasa, sikuwa na haki ya kumjibu kwa mkato.

"Mienendo ya giligili, Mjomba."

Akanitazama kama mtu aliyetajiwa ugonjwa. Neno giligili limo kamusini, nami nalipenda, lakini sebuleni kwake halikuwa na kazi.

Nikaanza upya. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, na maji yake hayachanganyiki yote: ya vuguvugu hulala juu ya yale baridi. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Huku kwetu kusini maji baridi hupanda na rutuba yake. Rutuba hulisha vijimea, vijimea hulisha vijidudu, navyo huliwa na dagaa. Upepo ukitulia, mpaka wa matabaka hayo mawili hupanda na kushuka, na mzunguko mmoja huchukua wiki tatu hadi nne. Mimi nalifanyia hesabu wimbi hilo.

"Wimbi nisiloliona miaka yote hiyo?"

Nikatwaa chupa tupu ya maji, nikatia maji nusu, nikajaza mafuta ya alizeti pomoni, nikaifunga na kuilaza. Nilipoiinua upande mmoja, mpaka wa mafuta na maji ukaanza kwenda na kurudi, taratibu mno. Mjomba akaninyang'anya chupa.

Nikamwambia kwamba katika muhtasari wangu wa Kiswahili nimeuita huo mtetemo wa ndani. Akakataa katakata. "Mwenye homa ndiye hutetema. Hii inabembea." Jioni ile nilifuta neno mtetemo kila lilipotokea. (Wasimamizi wangu hawasomi Kiswahili, hakuna aliyenipinga.)

"Na dagaa kupungua je? Bembea imekatika?"

Nikamweleza kuwa uvuvi umezidi, lakini pia maji ya juu yamepata joto, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulionesha kuwa joto hilo linaufanya upepo ushindwe kuyachanganya matabaka kama zamani. Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza kama kuna maana ya kuutengeneza mtumbwi wake wa pili. Hesabu zangu hazifiki huko, nami nikamwambia hivyo.

Chupa aliizuia. Alisema Jumatatu ataishusha nayo Kirando, wenzake waione.